Saratani ya Mke Wangu Itangazwe kuwa ya Kuambukiza

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali, au kwa yeyote atakayeifungua barua hii kwa niaba yako akiwa amevaa glavu,

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu kutoka umbali unaoruhusiwa. Natumaini hujambo, wewe na wote walio chini yako. Na kama unaumwa, natumaini unaumwa ule ugonjwa wenye bahati wa msimu huu, maana ukiwa na mwingine wowote nakuhurumia kabla hujanieleza.

Mimi ni mchoraji wa vibao. Jina langu huenda hulijui, lakini kazi yangu unaisoma kila asubuhi unapofika kazini. Kile kibao cha "Maegesho ya Mganga Mkuu Pekee" ni mkono wangu, na ile M ya Mganga niliifuta na kuirudia mpaka ikasimama kwa heshima inayokufaa. Hapa mjini wananiita Fundi Herufi. Leo sikuandikii kama fundi, nakuandikia kama mume wa mtu, ingawa najua mwandiko utanitangaza.

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na ana saratani ya titi. Alikuwa akitundikiwa dripu za dawa katika kliniki yako. Alimaliza ya kwanza, ya pili na ya tatu, uvimbe ukaanza kunywea, na sisi nyumbani tukaanza kusema "ukishapona" bila kushusha sauti. Ndipo korona ikabisha hodi. Kliniki ikafungwa ili jengo lipokee wagonjwa wa korona, na mke wangu akaambiwa aende nyumbani, dripu ya nne itakuja, atapigiwa simu. Aliyetuambia ni muuguzi mkuu wa kliniki, mama mpole sana, na muda wote aliokuwa akisema alikuwa anatazama viatu vyetu. Mpaka ninapoandika haya, simu hiyo haijapigwa.

Nimelifikiria jambo hili nikiwa juu ya ngazi na nikiwa chini ya ngazi, nikaona kosa liko wapi. Sisemi hospitali yako haina huruma, hasha. Kosa ni la mke wangu, aliyejichagulia ugonjwa usioambukiza. Ugonjwa wa namna hiyo haumtishi mtu aliye ofisini. Unakaa kwa mwenyewe tu, unafanya kazi yake kimyakimya, haupigi chafya kwenye mkutano. Nani ataukimbilia? Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba saratani ya mke wangu itangazwe rasmi kuwa ugonjwa wa kuambukiza, ili nayo ipate kuogopwa, na ikishaogopwa itibiwe. Sababu zangu na ushahidi wangu naviweka hapa chini kwa namba.

1. Kuhusu vibao. Tangu korona iingie sijakosa kazi. Nimeandika NAWA MIKONO kwenye milango ya benki, maduka ya nguo na vinyozi. Nimeandika SIMAMA HAPA sakafuni mpaka magoti yakaota sugu. Ninavyojua mimi, kitu kinachothaminiwa huandikwa kwa herufi kubwa na rangi nyekundu. Sasa niambie, saratani ilikuwa na vibao vingapi katika hospitali yako yote? Kimoja. "Kliniki ya Saratani", rangi ya kahawia, nyuma ya dobi la mashuka, na mshale mwembamba ambao hata mimi niliyeuchora nilikuwa nikiutafuta. Kisha nikaitwa nije nikifute hicho hicho. Nilipanda ngazi, nikakikwangua kwa msasa, nikapaka nyeupe mara mbili, na juu yake nikaandika CHUMBA CHA KUTENGWA, USIINGIE. Niliporudi nyumbani mke wangu akaniuliza leo nimeandika nini, nikamwambia. Akasema, "Umeiandika vizuri?" Nikasema vizuri. Akasema, "Haya." Mpaka leo wagonjwa wenzake hufika pale, huzunguka lile jengo wakitafuta mshale, na huishia kwa dobi, ambaye huwaelekeza getini.

2. Kuhusu kupimwa kwa simu. Nisije nikaonekana mwongo: simu ya kumwita haijapigwa, lakini ilipigwa nyingine. Alikuwa yule daktari kijana wa kliniki, ambaye sasa mmemhamishia kwenye korona, na nyuma yake nilisikia watu wanakimbizana na vitanda. Akasema, "Mwalimu, hebu jishike mwenyewe, uniambie uvimbe umekua au uko vilevile." Mke wangu ni mtu wa hesabu, hajibu swali lisilokamilika. Akamuuliza, "Kwa kulinganisha na nini?" Daktari akasema kwa kulinganisha na mara ya mwisho yeye alipoushika. "Basi wanaojua ni vidole vyako, daktari. Vyangu siku ile vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa kitanda."

Daktari akaguna. Akauliza kama mumewe yupo karibu, na kama ni mtu wa mikono mizuri. Mheshimiwa, hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile nikakataa. Nikachukua penseli yangu ya kuchorea na rula ya chuma, nikapima, nikamweleza kwamba ni mviringo uliorefuka kidogo upande wa kwapa, kama herufi O iliyoandikwa na mtu mwenye haraka. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu, akasema ile rula ni ya baridi, na daktari naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba yetu kucheka tangu dripu zikatike. Kisha daktari akauliza, sasa kwa maoni yako, umekua? Mke wangu akawa ameacha kucheka, anafunga vifungo, ananitazama. Nikajibu uko vilevile. Yeye ni wa hesabu lakini mimi ndiye niliyekuwa na rula. Nakuandikia wewe kile nilichoshindwa kumwambia daktari: uvimbe umekua.

3. Kuhusu geti. Baada ya simu ile sikutulia, nikasema twende wenyewe, wakituona uso kwa uso watatuonea haya. Getini tukamkuta mlinzi na ile bunduki yake ya kupimia joto. Akamlenga mke wangu kipajini, akaangalia namba, akamuuliza kama ana homa, kama anakohoa, kama amekutana na mgonjwa. Mke wangu, ambaye hajui kudanganya hata kwa faida yake, akajibu hapana, hapana, na hapana. Mlinzi akafurahi kabisa. "Mama, wewe mzima wa afya. Hapa si mahali pako, utaletewa magonjwa bure. Nenda kapumzike nyumbani." Kwa maneno hayo saratani ya mke wangu iliponywa na mlinzi wa geti.

Nilimnong'oneza mke wangu akohoe kidogo tu. Akaniambia, "Mimi sikohoi kwa ajili ya mtu." Basi nikakohoa mimi. Laiti ungeona, Mheshimiwa! Nilivutwa pembeni, nikapewa kiti, nikapewa maji, nikaingizwa kwenye hema ambamo daktari aliyejifunika kuanzia utosini hadi kisigino aliniuliza habari za mapafu yangu kwa upendo ambao sijaupata tangu mama yangu afariki. Nikatiwa pamba ndefu puani hadi nikaona ukoo wetu wote. Mke wangu alikuwa amesimama nje juani, pembeni ya USIKARIBIE niliyoiandika mwenyewe. Kesho yake simu ikaita mapema, sauti nzuri ikanijulisha kwamba majibu yangu yametoka na sina kitu. Kumbe simu za hospitali ni nzima! Nilikuwa nimeanza kuwaombea mafundi.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa naingia kwenye ushahidi kwamba saratani inaambukiza, na naomba usome ukiwa umekaa.

4. Mgonjwa wa kwanza wa kuambukizwa ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Mtaani anaitwa Redio, kwa sababu akishawashwa asubuhi hazimwi. Huyu mama alikuwa akija kwetu bila hodi, anajimiminia chai, anatueleza habari za nyumba zote mpaka za kwetu wenyewe. Siku aliposikia mke wangu ana nini, akaacha kuja. Vikombe vyake vilivyokuwa kwetu akatuma vifuatwe, na nina hakika aliviosha kwa maji ya moto. Akawa anapita upande wa pili wa njia, mkono mdomoni. Haya yote yalitokea korona ikiwa bado haijasikika! Serikali ilipoamuru watu wakae mbalimbali, Redio alikuwa ameshahitimu. Dalili yake ni kupotelewa na ulimi. Akimwona mke wangu dirishani anafungua mdomo na hakitoki kitu. Mtu anayejua kuongea kama yule hawezi kunyamaza hivihivi, lazima kuna kilichomwingia.

5. Wa pili ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza nyama. Ni jitu la miraba minne, hubeba paja la ng'ombe begani akipiga mluzi. Alikuja mara moja, akasimama mlangoni na barakoa yake, akamtazama dada yake aliyekuwa amejifunga kitambaa kichwani. Papo hapo macho yakamwiva, pua ikaanza kuvuja, sauti ikamkwama kooni. Tukamuuliza una nini, akasema ni vumbi. Mheshimiwa, binti yetu alikuwa amepiga deki muda si mrefu, mlango mzima ulikuwa umelowa. Tangu siku ile haji, hupiga simu tu, na hata kwa simu yale mafua humrudia. Anasema, "Dada, umekula?" kisha nasikia anavuta kamasi, kisha anasema ana wateja. Kwa hiyo andika kwamba ugonjwa huu hupita hata kwenye simu, na barakoa haiuzuii.

6. Wa tatu ni sisi nyumba nzima kwa pamoja, kupitia jiko. Dripu zilimwachia mke wangu vidonda mdomoni, hawezi pilipili, hawezi chumvi, hawezi hata ndimu. Binti yetu, ambaye shule yao imefungwa, ndiye mpishi siku hizi. Hakuambiwa na mtu, aliamua tu mwenyewe kwamba kama mama hali chumvi basi hakuna atakayekula chumvi. Tunakula vitu vyeupe, vilaini, vilivyopoa. Redio ya kweli, ile ya mezani, inatangaza kila siku kwamba ukiona umepoteza ladha ujisalimishe hospitali. Sisi tumepoteza ladha sote kwa mkupuo. Juzi nilijaribu kutia chumvi kwenye sahani yangu kwa siri. Binti akaiona, akalichukua kopo, akaliweka juu ya kabati, akaendelea kula macho makavu. Mama yake alimtazama muda mrefu, akasema, "Huyu atatutawala." Lakini alikula akamaliza.

7. Wa nne na aliye hoi kuliko wote ni mimi. Kwa miaka yangu yote ya kazi mkono huu haujatikisika, hata juu ya ngazi isiyo na mtu wa kuishika. Sasa unatetemeka. Nimeandika ACHA NAFASI kwenye duka la viatu na ile F imelala kama imechoka kusubiri zamu. Chakula hakipiti, na si kwa sababu ya chumvi. Suruali naifunga kwa kamba ya kupigia mistari. Mke wangu akikaa sana bafuni kifua kinanibana mpaka nisikie sauti ya maji. Simu ikiita nakosa pumzi, na ikiwa ni mtu anataka kibao nakosa nguvu. Nimewahi kumkuta amekaa kitandani anahesabu kwa vidole, midomo inacheza, nikamuuliza unahesabu nini, akasema, "Acha tu." Nikatoka nje nikashika ukuta. Mheshimiwa, mimi naogopa. Nimesoma vibao vyangu mwenyewe vya "Ukiona dalili hizi", na kila dalili iliyopo pale ninayo. Kama hii si maambukizi, basi nieleze ni nini.

Nisieleweke vibaya. Sisemi korona ni mchezo. Yule mwenye duka la viatu niliyemwandikia ACHA NAFASI, korona imemchukua, na kibao cha kaburi lake nimekiandika mimi pia, kwa mkono huu huu wa kutetemeka. Nimewaona wauguzi wako wakitoka zamu na alama za barakoa zimechimbika mashavuni. Sina kinyongo nao hata chembe. Ninachosema ni kwamba mke wangu hakuacha kuumwa kwa sababu wengine wameanza, na ule uvimbe haukupata tangazo la kukaa nyumbani. Au ulilipata, ukalitii, ndiyo maana umekaa na unanenepa.

Basi, kwa kuwa maambukizi yamethibitika, naomba yafuatayo yatekelezwe kama yanavyotekelezwa kwa wengine.

Kwanza, mke wangu apewe hema. Hata likiwa dogo, ilimradi ndani yake kuwe na kiti, ndoo ya kutapikia na dripu ya nne. Hilo la kwangu la siku ile lingetosha, mimi sikulichafua.

Pia kila jioni, baada ya hesabu ya korona, itangazwe na hesabu yetu: leo waliosubiri kupigiwa simu ni kadhaa, waliochoka kusubiri ni kadhaa, uvimbe uliokua ni kadhaa. Asomaye avae tai na aonekane na huzuni. Mke wangu amejitolea kuhakiki namba.

Tena, kwa kuwa mgonjwa wa kuambukiza haachwi mtaani, naomba watumwe watu wenye mamlaka, waje na gari la king'ora, wamchukue mke wangu nyumbani kwa nguvu na kumpeleka hospitali, atake asitake. Atataka. Lakini wakilazimika kumtia pingu, nawasihi wamtie mkono wa kulia, kwa sababu mshipa mzuri wa dripu uko kushoto na mwingine ulishagoma.

Mwisho, naomba ujitazame na wewe mwenyewe, Mheshimiwa. Karatasi hii nimeiandikia kwenye meza tunayolia chakula. Mke wangu ameegemea kiwiko pale, binti ameweka sahani pale, na wewe sasa umeishika. Imekwisha kukupata. Kuanzia leo, ukipita karibu na CHUMBA CHA KUTENGWA ukasikia kifua kinakubana bila sababu, ukiona chakula chako cha mchana hakina ladha, ukishindwa kumtazama mgonjwa usoni ukatazama viatu vyake, usishtuke na usiite dawa za mafua. Hizo ndizo dalili. Nimeshakuonyesha kwamba hazizuiliki kwa maji wala kwa sabuni. Tiba ninayoijua ni moja, nayo si ya kukutundikia wewe. Ukimtundikia mke wangu utapona wewe, nitapona mimi, na hata yule Redio wa watu ulimi utamrudia, ingawa hilo la mwisho unaweza kulichelewesha kidogo.

Kibao cha kuelekeza hema lilipo nitakichora mwenyewe. Safari hii mshale utakuwa mnene.

Nisalimie muuguzi mkuu, na umwambie viatu vyetu havijambo. Msalimie daktari wa simu, mlinzi wa geti na bunduki yake, dobi anayewaelekeza watu wetu, wapishi, madereva, na wote waliolala nyuma ya mlango nilioandika mimi. Wao nawaombea watoke wakitembea. Wakitoka, jengo litakuwa wazi.

Ni mimi ninayekaa karibu na simu,

Fundi Herufi,
mume wa mgonjwa na mwambukizwa namba nne

Nyongeza. Nimeshasaini, natafuta bahasha, simu ikaita. Alikuwa muuguzi mkuu. Kumbe ukumbi wa mazoezi ya viungo umetengwa kwa ajili ya watu wetu, vitanda vimeshaingizwa, na mke wangu anatakiwa kesho asubuhi kwa dripu ya nne. Akasema mgonjwa asindikizwe na mtu mmoja tu, naye awe mzima, asiwe na dalili yoyote, na asiwe anaishi na mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nafuta ombi langu lote. Saratani haiambukizi. Haijapata kuambukiza, na anayesema inaambukiza ni mjinga aliyevuta harufu ya rangi miaka mingi. Redio ndivyo alivyoumbwa. Shemeji yangu anasumbuliwa na vumbi, na pale mlangoni kwetu lipo vumbi jingi sana, deki ile haikufika kwenye kona. Binti yetu ni mtoto, anasahau chumvi. Mimi ndiye mzima kuliko wote. Kifua kilikuwa ni gesi. Nimekula sasa hivi, nimekula nikaongeza, na binti ni shahidi wangu. Mkono umetulia tuli, na ukiona mistari ya huko juu imelala, ujue meza yetu ina mguu mmoja mfupi. Hema silihitaji, king'ora kisije, na wewe huna ugonjwa wowote.

Barua yenyewe ningeichana, lakini ile sentensi ya mwisho ya namba 2 lazima daktari aisome kabla hajamgusa, na mimi sitaweza kuitamka mke wangu akiwa amekaa pale anasikiliza. Hiyo ibaki. Mengine yote yahesabu kuwa porojo za mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Mke wangu amepanga mkoba wake, akaupangua, akaupanga tena, na sasa amekaa nao magotini kana kwamba tunaondoka saa hii. Ameshanionya kwamba nikithubutu kukohoa getini ataniacha huko huko nje. Ananiuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia naomba ruhusa ya kuingia naye. Tafadhali, Mheshimiwa, niruhusiwe kuingia naye.